MTOTO WA NYUMBA YA MASKINI: MAISHA YA STANLEY, BULA MATARI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilituachia yatima wengi. Wengine walichukuliwa na mashangazi na mababu, wengine walipelekwa katika vituo. Na sisi mara nyingi tunasema: madamu mtoto anakula, anavaa na anasoma, kazi imekwisha. Ijumaa hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye kila Mkongomani anajua jina lake, lakini wachache wanajua utoto wake. Hatumsimulii ili kumsifu, kwa sababu wazee wetu waliumia mkononi mwake. Tunamsimulia kwa sababu yeye naye alikuwa mtoto wa kituo.

Mtu huyo ni Stanley. Jina lake la kuzaliwa halikuwa Stanley. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales, Uingereza, akaitwa John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa binti asiyeolewa. Katika daftari la kanisa mtoto aliandikwa kuwa ni mwana wa haramu. Mama akaondoka kwenda kutafuta kazi, akamwacha kwa babu yake Moses Parry, muuza nyama. Babu alimpenda. Lakini mwaka 1846, mtoto akiwa na miaka mitano, babu alikufa ghafla.

Walibaki wajomba wawili. Hao walimpanga kwa jirani, mzee na bibi yake, wakilipa pesa kila wiki. Baada ya muda jirani akataka kuongezewa pesa. Wajomba wakakataa. Basi siku moja ya Februari 1847 kijana wa nyumba ile alimchukua mtoto, akamwambia wanakwenda kumwona shangazi Mary. Mtoto alifurahi. Walitembea mpaka St Asaph, mbele ya nyumba kubwa ya mawe yenye mlango wa chuma. Kijana akapiga kengele, mlango ukafunguliwa, mtoto akaingizwa ndani, na kijana akarudi zake. Shangazi hakuwepo. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alipokuwa mzee alisimulia kwamba jambo lililomuumiza siku ile ni kudanganywa kuliko kufungiwa.

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya serikali ya kuwaweka maskini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1834 ilitaka nyumba hizo ziwe ngumu kwa makusudi, ili mtu asiingie isipokuwa ameshindwa kabisa. Wanaume walitengwa na wanawake, watoto walitengwa na wazazi. Wote walivaa nguo za aina moja na kula kwa kipimo. Mwaka huohuo wa 1847 wakaguzi wa serikali waliandika ripoti mbaya juu ya nyumba ya St Asaph: vitoto vililala kitanda kimoja na wakubwa, na mambo machafu yaliendelea humo.

Pamoja na hayo, ndugu, tuseme ukweli: mtoto huyu hakufa njaa, wala hakubaki mjinga. Alijifunza kusoma, kuandika vizuri, kuhesabu na kuchora ramani, akawa mbele ya wenzake darasani. Alichokosa ni mtu wa kumwita wake. Alipokuwa na miaka tisa au kumi, mwanamke mmoja aliingizwa mle ndani pamoja na watoto wawili. Mkuu wa nyumba alimwuliza John kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mama yake mzazi. Mtoto alimtazama akitegemea kitu fulani, na mama akamtazama kama mtu mgeni. Baada ya wiki chache mama akatoka. John alibaki.

Aliondoka mwezi wa Mei 1856, akiwa na miaka 15. Katika kitabu cha maisha yake, ambacho bibi yake alikitoa mwaka 1909, alidai kwamba alimpiga mwalimu mkatili na kuruka ukuta. Daftari la nyumba ile linaonyesha jambo jingine: kwamba aliondoka kwenda kwa ndugu zake. Hapa tunaanza kuona alama ya kwanza ya malezi yale. Mtoto ambaye watu wakubwa walimdanganya alikuja kuwa mtu wa kutunga hadithi juu ya nafsi yake.

Ndugu walimpokea mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alichoka naye. Mwishoni mwa 1858 alipanda meli huko Liverpool, akafika New Orleans, Marekani, mwaka 1859. Huko alichukua jina la mfanyabiashara tajiri wa pamba, Henry Stanley. Baadaye alisimulia kwamba tajiri huyo alimfanya mwana wake, kisha akafa mwaka 1861. Wachunguzi wa historia wamegundua kwamba tajiri yule aliishi mpaka 1878, na habari ya kufanywa mwana haina ushahidi. Basi baba huyo alikuwa wa kujitungia.

Mwaka 1862, baada ya kupigana katika vita vya Marekani, kufungwa na kuugua, alirudi Wales akiwa na nguo zilizochakaa. Alibisha mlango wa mama yake. Mama alimwambia asirudi tena mpaka hali yake iwe bora. Mwaka 1866 alirudi tena Denbigh, safari hii akiandika katika daftari la wageni la ngome ya mji kwamba yeye ni ofisa wa jeshi la maji la Marekani. Hakuwa ofisa. Watu wakimwona na cheo watafungua mlango: hilo ndilo alilojifunza.

Yaliyofuata mnayajua. Novemba 1871 alimkuta Livingstone huko Ujiji, akampenda kama baba. Jina lake likaenea duniani. Magazeti ya Wales yakaandika kwamba yeye ni John Rowlands wa nyumba ya maskini, na yeye kwa miaka mingi akakana, akisema ni Mmarekani. Aliona haya kama mwizi, na hali hakuiba kitu.

Katika safari hiyo, Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto. Tusilifiche hilo, ndugu: watu wa dini yetu nao waligawa watoto kama mizigo. Mtoto aliitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina hilo, akamwita Kalulu. Alimpeleka Uingereza, akamvika vizuri, akamtia shule, akaandika kitabu chenye jina lake. Kisha akamrudisha safarini. Tarehe 28 Machi 1877, chini ya Malebo, mtumbwi wa Kalulu ulichukuliwa na maporomoko, akafa maji. Stanley alilia, akayaita maporomoko yale kwa jina la Kalulu. Mtu aliyepoteza jina lake alimwondolea mwingine jina, akidhani anamfanyia wema.

Safari ile ndiyo iliyompitisha kwetu Maniema. Oktoba 1876 alikutana na Tippu Tip, wakapatana, na tarehe 5 Novemba wakatoka Nyangwe kufuata Lualaba. Tippu Tip aligeuka mwishoni mwa Disemba. Stanley aliendelea mpaka Boma, akafika Agosti 1877. Wazungu watatu aliotoka nao pwani walikufa wote, na wachukuzi wengi pia. Popote alipodharauliwa alijibu kwa bunduki. Watu wa kisiwa cha Bumbireh, katika ziwa Victoria, walimtisha na kumnyang'anya makasia mwaka 1875. Alirudi baada ya miezi kadhaa akawapiga risasi kutoka mitumbwini.

Kutoka 1879 mpaka 1884 alimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji: akapasua njia kwenye mawe, akaanzisha vituo, akasainisha machifu mikataba. Wazee wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo likahamia kwa serikali yenyewe, na uzito wake mababu zetu waliubeba katika kukusanya mpira.

Mwaka 1890 alimwoa Dorothy Tennant. Hawakupata mtoto. Mwaka 1896 walimchukua mtoto mchanga, Denzil, na wanaosimulia wanasema hakuna kitu kilichompa Stanley furaha kama mtoto huyo. Alikufa London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa karibu na Livingstone, wakubwa wa kanisa wakakataa. Mlango wa mwisho nao ulifungwa.

Ndugu Waislamu, hatusemi kwamba St Asaph ndiyo iliyomiliki bunduki ya Stanley. Watoto wengi walitoka katika nyumba ile wakaishi maisha ya kawaida, na kila mtu ataulizwa kwa matendo yake. Lakini mtoto anayelelewa bila mtu wake hujifunza mapema kwamba hakuna ahadi ya kuaminika, kwamba kupendwa kunanunuliwa kwa cheo, na kwamba asili yake ni aibu ya kuficha. Elimu haiondoi hayo.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Huko Romania, katika mji wa Bucharest, utafiti ulianza mwaka 2000 kwa watoto 136 wa nyumba za serikali. Nusu yao walipelekwa katika familia za malezi. Wale walioingia mapema katika familia, hasa kabla ya miaka miwili, waliweza kushikamana na mtu, na walikua vizuri kuliko waliobaki.

Basi tufanye nini? Kwanza, kama yatima ana shangazi au babu, msaada wetu umfikie huko, kabla ya kufikiria kituo. Wajomba wa John walishindwa kwa pesa kidogo tu. Pili, tusimdanganye mtoto siku ya kumhamisha. Tumwambie anakokwenda na kwa nini. Tatu, tumwachie jina lake na la baba yake, kama alivyorudishiwa Zayd bin Haritha jina la baba yake, ingawa alilelewa na Mtume (s.a.w.), aliye bora wa walezi, naye mwenyewe alikuwa yatima. Nne, mtoto aliyeko kituoni awe na mtu mmoja, yuleyule, anayemtembelea kila wiki na kumjua.

Baada ya sala ya leo, kila mmoja ajiulize: ni mtoto gani anayenitegemea mimi, na hana mwingine?

Wa billahi tawfiq.