J.C. Penney na usiku wa barua

James Cash Penney alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka wa 1875, mtoto wa mhubiri wa Kibatisti. Bucha yake ilikufa alipokataa kumpa mpishi wa hoteli hongo ya pombe. Mwaka wa 1902 akafungua duka dogo huko Kemmerer, Wyoming. Likazaa mamia mengine.

Mwaka wa 1929 hisa zilianguka, madeni yakamzunguka. Usingizi ukamkimbia, hesabu zilezile zikirudi kichwani. (Wenye vibanda sokoni wanaujua usiku huo.) Akiwa hospitalini Battle Creek aliwaandikia mke na mwanawe barua za kuwaaga. Asubuhi akaamka hai, akasikia wimbo katika kanisa la hospitali, akaingia. Mzigo ukamtoka, na mali ilikuwa bado haijarudi. Alifariki mwaka wa 1971, akiwa na miaka 95.