Apolo Kivebulaya na Jembe Lake

Kila tarehe 30 Mei Waanglikana wa nchi nyingi humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya wa Uganda.

Kwanza alikuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka 1896 akatumwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika Kongo ya leo. Walimu waliomtangulia huko walinyimwa chakula wakarudi. Apolo alinunua jembe, akaenda nalo ili ajilimie mwenyewe. Alipigwa na kufungwa, lakini alirudi kwa watu wale wale. Alipewa ukasisi mwaka 1903. Uzeeni aliwapelekea Wambuti Injili msituni. Hakujilimbikizia mali, na vijana wengi walilelewa nyumbani kwake. Alifariki tarehe 30 Mei 1933. Kwa agizo lake alizikwa kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, si kwao Buganda.

Sisi tuliofundisha miaka mingi tumeingia nyumba nyingi hapa Manyoni na Kilimatinde. Stoo imejaa vyombo visivyotumika na nguo zisizovaliwa, huku watoto wamebanana chumba kimoja. Baba akifa, ndugu hugombania vitu hivyo hivyo. Nasi pia tulikuwa na makosa hayo.

Basi baada ya mavuno, wazazi wakae na watoto, watoe vitu vyote nje, wapange mafungu matatu: cha kutumia, cha kutengeneza, na cha kumpa asiye nacho. Tuanze na lile jembe la pili linaloota kutu ukutani. Jirani hana hata moja.