Paul Otlet na Uteuzi wa Kanzidata za Utafiti

Makala hii fupi inaeleza maisha ya Paul Otlet kwa nia ya kubainisha jinsi mtafiti apaswavyo kuteua kanzidata za maktaba.

Otlet alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1868. Alisomea sheria, lakini uwakili haukumvutia. Alichokipenda ni bibliografia, yaani taaluma ya kuorodhesha na kupanga maandishi. Mwaka 1895, yeye na mwanasheria mwenzake, Henri La Fontaine, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913, walianzisha orodha ya machapisho ya ulimwengu mzima. Ilikuwa kanzidata ya kadi, na kufikia miaka ya 1930 kadi hizo zilizidi milioni 12.

Wingi huo usingekuwa na faida bila mpangilio. Kwa hiyo waliupanua mfumo wa desimali ambao Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876, wakaruhusu namba za mada mbili, kama vile lugha na elimu, ziunganishwe kwa nukta mbili. Wasomaji walituma maswali kwa posta, nao walitahadharishwa iwapo swali lingeleta majibu zaidi ya 50. Hapa pana funzo la kwanza: swali lifinywe kabla ya kuulizwa.

Funzo la pili latokana na upungufu wa kazi yenyewe. Kadi nyingi zilitokana na katalogi zilizokwisha kuchapwa. Hivyo maandishi yasiyoorodheshwa popote hayakuwa na njia rahisi ya kuingia. Tenzi zilizohifadhiwa majumbani mwa Waswahili kwa hati ya Kiarabu ni mfano wa maandishi ya namna hiyo. Mtafiti wa tenzi hana budi kuanza na orodha mahususi, kama ile ya J.W.T. Allen ya mwaka 1970 ihusuyo miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam, ndipo aziendee kanzidata kubwa za kimataifa.

Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji iliifunga ofisi ya Otlet. Mwaka 1940 Wajerumani walioikalia nchi waliharibu sehemu ya makusanyo yake, naye alifariki mwaka 1944. Masalio yamo katika jumba la makumbusho mjini Mons, lililofunguliwa mwaka 1998.

Ukubwa wa kanzidata, basi, si kigezo cha kuiteua. Kigezo ni kujua imekusanya nini, imeacha nini na imepangwa vipi.