Thomas Hopkins Gallaudet

Thomas Hopkins Gallaudet (Philadelphia, Pennsylvania, 10 Desemba 1787 – Hartford, Connecticut, 10 Septemba 1851) alikuwa mchungaji na mwalimu nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mmoja wa waanzilishi wa shule ya kwanza ya kudumu ya viziwi katika nchi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1817, pamoja na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, Laurent Clerc, na daktari Mason Fitch Cogswell.

Jina lake limepewa Chuo Kikuu cha Gallaudet kilichopo Washington, D.C. Watu wengi hudhani kwamba ndiye aliyekianzisha, lakini chuo hicho kilianza miaka kadhaa baada ya kifo chake, kwa kazi ya mwanawe wa mwisho, Edward Miner Gallaudet.

Maisha ya awali na masomo

Thomas alikuwa mtoto wa kwanza wa Peter Wallace Gallaudet na Jane Hopkins. Upande wa baba ukoo wake ulitokana na Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia nchi yao kwa sababu ya dini. Alipokuwa mvulana familia ilihamia Hartford, mji mkubwa wa jimbo la Connecticut, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake.

Alisoma katika Chuo cha Yale mjini New Haven, akahitimu mwaka 1805 kabla hajatimiza miaka 18, akiwa kati ya wanafunzi bora wa mwaka wake. Hata hivyo, shahada haikumwonyesha njia ya kufuata. Kwa muda alijifunza sheria katika ofisi ya wakili, akaacha. Alirudi Yale akapata shahada ya uzamili na kufundisha huko kama mkufunzi. Baadaye akawa wakala wa biashara, akisafiri kwa farasi hadi Ohio na Kentucky, maeneo yaliyokuwa bado mapya kwa walowezi. Mwishowe aliingia seminari ya Andover, Massachusetts, akamaliza mwaka 1814 akiwa na ruhusa ya kuhubiri. Alikuwa na miaka 26, elimu nyingi, afya dhaifu, na bado hakuwa na kazi ya kudumu.

Kukutana na Alice Cogswell

Mwaka huohuo wa 1814, akiwa nyumbani Hartford, Gallaudet aliwaona watoto wakicheza bustanini. Mmoja wao, Alice Cogswell, alikuwa na miaka 9 na alikaa pembeni kwa sababu hakuweza kufuata mchezo. Alikuwa binti wa jirani, daktari Mason Fitch Cogswell, naye alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia akiwa mtoto mdogo kutokana na homa kali. Inasimuliwa kwamba Gallaudet alimwonyesha kofia yake, kisha akaandika ardhini kwa kijiti herufi tatu za neno la Kiingereza lenye maana hiyo. Alice alielewa uhusiano kati ya maandishi na kitu chenyewe, akaonyesha vitu vingine akitaka kujua maneno yake.

Masimulizi ya aina hii hupambwa kadiri yanavyorudiwa, lakini ni hakika kwamba tangu wakati huo Gallaudet alianza kumfundisha Alice. Mtoto huyo alisoma pia katika shule ndogo ya wasichana iliyoongozwa na Lydia Huntley, aliyekuja kuwa mshairi maarufu kwa jina la Lydia Sigourney. Humo aliketi pamoja na wasichana wanaosikia, mpango ambao leo ungeitwa elimu jumuishi. Hakuna aliyeuita hivyo wakati ule: ilikuwa juhudi ya mwalimu mmoja aliyelazimika kubuni ishara zake mwenyewe.

Baba yake Alice hakuridhika na hatua hizo. Alijua kwamba Ulaya kulikuwa na shule za viziwi na kwamba familia chache za Marekani zenye uwezo ziliwapeleka watoto wao huko kwa meli. Yeye hakutaka kutengana na binti yake. Wachungaji wa Connecticut walikuwa wamehesabu viziwi katika jimbo lao, wakapata 84, na kutokana na hesabu hiyo Cogswell alikadiria kuwa wapo mamia katika majimbo ya jirani na maelfu nchini kote. Kwa hiyo shule isingekosa wanafunzi. Aprili 1815 aliwaita nyumbani kwake watu wenye mali wa Hartford, nao wakachanga fedha za kumtuma mtu Ulaya ajifunze mbinu za kufundisha. Waliyemchagua ni Gallaudet, aliyesita kwanza kabla ya kukubali.

Safari ya Ulaya

Aliondoka New York Mei 1815. Nia yake ilikuwa kujifunza mbinu mbili zilizokuwepo, ile ya Uingereza na ile ya Ufaransa, kisha kuunganisha yaliyo bora katika kila moja.

Nchini Uingereza ufundishaji wa viziwi ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Braidwood. Walifundisha kwa kutamka na kusoma midomo, nao walilinda mbinu zao kama siri ya biashara ya familia. Mjini London Gallaudet aliambiwa kwamba ili ajifunze, ni lazima akubali kuwa msaidizi kwa miaka kadhaa, kwa saa nyingi za kazi, na kutunza siri. Alikataa. Alikwenda Edinburgh, Uskoti, lakini mwalimu wa huko alikuwa amefungwa na ahadi kwa ukoo uleule na hakuweza kumfundisha lolote. Miezi ilipita na fedha za wafadhili zilipungua. Gallaudet aliona kwamba elimu ya watoto haifai kuuzwa kwa masharti ya namna hiyo, msimamo uliokuja kuathiri historia nzima ya viziwi wa Marekani: kama masharti ya London yangekuwa mepesi, huenda angerudi nyumbani na mbinu ya kutamka.

Kwa bahati alikuwa amekutana London na padri Roch-Ambroise Sicard, mkuu wa taasisi ya viziwi ya Paris, aliyekuwa huko wakati Napoleon aliporudi madarakani kwa muda mfupi. Sicard alifanya maonyesho ya hadhara pamoja na wanafunzi wake wawili wa zamani waliokuwa sasa walimu, Jean Massieu na Laurent Clerc, wote viziwi. Watazamaji waliwauliza maswali magumu ya falsafa na dini, nao waliyajibu kwa maandishi ubaoni. Sicard alimkaribisha Gallaudet Paris bila sharti lolote.

Gallaudet alifika Paris mapema mwaka 1816. Taasisi hiyo, iliyotokana na kazi ya padri Charles-Michel de l'Épée katika karne ya 18, ilifundisha kwa lugha ya alama. Kwa miezi michache alihudhuria madarasa na kupata masomo ya pekee kutoka kwa Massieu na Clerc. Alitambua upesi kwamba miezi hiyo haitoshi kumfanya awe mwalimu wa viziwi, hivyo alimwomba Clerc waende wote Marekani. Clerc alikubali, ingawa mama yake hakupenda. Mkataba wao ulikuwa wa miaka 3, na ulimlinda Clerc, aliyekuwa Mkatoliki, asilazimishwe kufundisha dini kinyume cha imani yake.

Walipanda meli Le Havre tarehe 18 Juni 1816 na safari ilichukua siku 52. Njiani Clerc alimfundisha Gallaudet alama, naye Gallaudet akamfundisha Clerc Kiingereza.

Shule ya Hartford

Baada ya kufika, walizunguka Boston, New Haven, Albany, New York na Philadelphia wakichangisha fedha. Katika mikutano hiyo Clerc ndiye aliyekuwa hoja yenyewe: watu walimwona kiziwi msomi akijibu maswali yao kwa Kiingereza alichokuwa amejifunza miezi michache iliyopita. Bunge la Connecticut lilitoa dola 5,000, na msaada huo huhesabiwa kuwa kati ya mifano ya kwanza ya serikali ya jimbo nchini Marekani kugharimia elimu maalumu.

Shule ilifunguliwa tarehe 15 Aprili 1817 katika vyumba vya kupanga vya hoteli moja mjini Hartford, ikiwa na wanafunzi 7. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Alice Cogswell. Wengine walikuwa watu wazima kabisa, kwa kuwa walikuwa wamesubiri maisha yao yote. Mwaka 1819 Bunge la Marekani liliipa shule zaidi ya ekari 23,000 za ardhi huko Alabama, na mauzo yake yakawa mtaji wa kudumu. Siku hizi inaitwa Shule ya Viziwi ya Marekani na iko West Hartford.

Wanafunzi walikuja na alama zao za nyumbani. Waliotoka kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako uziwi wa kurithi ulikuwa wa kawaida, walikuja na lugha kamili iliyotumiwa pia na majirani wanaosikia. Alama hizo zilichanganyika na zile za Kifaransa alizoleta Clerc, na kutokana na mchanganyiko huo ikakua Lugha ya Alama ya Marekani. Katika lugha hiyo jina la Gallaudet huonyeshwa kwa alama inayotokana na miwani aliyovaa.

Tatizo kubwa la Gallaudet kama mkuu wa shule lilikuwa walimu. Hapakuwa na chuo chochote cha kuwaandaa. Suluhisho lake lilikuwa kuajiri vijana waliotoka tu Yale, ambao hawakujua alama hata moja, na kuwakabidhi kwa Clerc. Mhitimu aliyezoea Kilatini na Kigiriki alianza upya kama mtoto, mbele ya mwalimu kiziwi. Baadhi yao walibaki katika kazi hiyo maisha yote: Lewis Weld aliongoza shule ya Philadelphia kisha akamrithi Gallaudet, na Harvey Prindle Peet akaongoza shule ya New York. Kentucky, iliyofungua shule yake mwaka 1823, nayo ilimtuma mwalimu wake ajifunze Hartford.

Ndoa na miaka ya baadaye

Tarehe 29 Agosti 1821 Gallaudet alimwoa Sophia Fowler, kiziwi aliyekuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa shule. Walipata watoto 8.

Aliacha uongozi wa shule mwaka 1830. Afya yake ilikuwa imechoka, na kulikuwa na mivutano ya muda mrefu na bodi kuhusu mamlaka ya mkuu na mshahara. Desemba ya mwaka huohuo daktari Cogswell alifariki, na siku 13 baadaye Alice alimfuata akiwa na miaka 25.

Baada ya hapo Gallaudet aliandika vitabu vya watoto, alitetea elimu ya wanawake na vyuo vya ualimu, na tangu mwaka 1838 hadi kifo chake alikuwa kasisi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Hartford. Aliunga mkono pia Shirika la Ukoloni la Marekani, lililotaka Wamarekani weusi walio huru wahamie Liberia. Wamarekani weusi wengi walipinga mpango huo kwa kuwa Marekani ilikuwa nchi yao, na jambo hili halifai kufichwa katika maisha yake. Kupitia shughuli hizo alimsaidia Abdulrahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon katika Guinea ya leo, aliyekuwa mtumwa Mississippi kwa karibu miaka 40. Mwaka 1828 Gallaudet aliandika kijitabu kuhusu habari zake ili kuchangisha fedha za kukomboa familia yake.

Alizikwa katika makaburi ya Cedar Hill, Hartford.

Urithi

Mwanawe mkubwa, Thomas, alikuwa padri wa Kiepiskopali aliyeanzisha kanisa la viziwi mjini New York. Edward Miner alikuwa na miaka 20 alipokwenda Washington mwaka 1857 kuongoza shule ya watoto viziwi na vipofu. Mama yake Sophia alikwenda naye kama mlezi wa wanafunzi. Mwaka 1864 rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoruhusu taasisi hiyo kutoa shahada. Mwaka 1894 chuo kikapewa jina la Gallaudet kwa heshima ya baba.

Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milano, Italia, ulipiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka tu. Thomas na Edward walikuwa kati ya wachache waliopinga. Hata hivyo, kwa miongo mingi baadaye lugha ya alama ilizuiwa madarasani katika nchi nyingi.

Mwaka 1954 Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, kisha nyingine nyingi katika nchi za Afrika, zikiwemo Kongo na Burundi. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwa njia yake, alama zilizotoka Paris kupitia Hartford zilifika Afrika ya Kati, na lugha ya alama inayotumiwa na viziwi wengi wa Kongo bado inafanana na ile ya Marekani.

Katika uwanja wa chuo cha Washington kuna sanamu ya mwaka 1889 iliyochongwa na Daniel Chester French. Inamwonyesha Gallaudet ameketi na Alice amesimama kando yake, na mikono yao yote miwili inaunda herufi A.