Grace Hopper: Mwalimu Aliyesaka Chanzo cha Kosa

Mtoto wa darasa la pili ameandika katika daftari lake: 42 − 17 = 35. Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha aghalabu hutia alama ya kosa kwa wino mwekundu, kisha akaendelea na daftari jingine. Kazi hiyo huchukua nukta chache. Kazi iliyobaki, nayo ndiyo ya ualimu hasa, ni kujua mtoto huyo alipita njia gani hata akaifikia 35. Yafaa tuyatazame maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani aliyeifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, mbele ya mashine zisizojua kujieleza.

UTOTO NA MASOMO

Grace Brewster Murray alizaliwa katika jiji la New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua saa ya kengele inavyofanya kazi, akaifungua. Vipande vikatawanyika, naye asiweze kuvirudisha. Akaifungua ya pili ili aone jinsi ya kwanza ilivyokuwa, kisha ya tatu, hata zikafika saba. Mama yake alipogundua hakumkataza kuchunguza. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Baba yake naye alitaka mabinti zake wapate elimu sawa na ya mwana wa kiume.

Njia yake haikuwa nyoofu. Alipotaka kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alishindwa mtihani wa Kilatini, ikambidi angoje mwaka mmoja. Alihitimu mwaka 1928 katika hisabati na fizikia. Akaendelea katika Chuo Kikuu cha Yale, akapata shahada ya udaktari wa hisabati mwaka 1934. Jina la Hopper alilipata kwa mumewe.

MWALIMU WA HISABATI

Tangu mwaka 1931 alikuwa akifundisha Vassar. Katika somo la uwezekano aliwapa wanafunzi kanuni ya hisabati, akawataka waandike insha ya kuieleza. Walinung'unika kwamba hawakuja kujifunza lugha. Yeye alishikilia kuwa hisabati isiyoweza kuelezwa kwa wengine haina faida, akazisahihisha insha hizo kwa makini. Mwanafunzi anapoeleza hatua zake, mwalimu huona mahali alipopotea.

TUNDU NA KIRAKA

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Hopper alijiunga na akiba ya Jeshi la Majini mnamo Desemba 1943, akiwa na miaka 37. Uzito wake ulikuwa pungufu, akahitaji idhini maalumu. Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi chini ya Howard Aiken katika kompyuta iliyoitwa Mark I. Mtambo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa tani 5 hivi.

Mark I ilisoma maagizo yake kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila mstari wa matundu ulikuwa agizo moja. Tundu likitobolewa mahali pasipostahili, mashine ilitii vivyo hivyo bila kuuliza, na jibu likawa potofu. Hapo hapakuwa na njia ila kuulinganisha utepe na maagizo yaliyoandikwa, mstari kwa mstari. Tundu lisilotakiwa lilizibwa kwa kiraka, lililokosekana lilitobolewa. Hata leo masahihisho madogo ya programu huitwa viraka.

Tarehe 9 Septemba 1947 kompyuta iliyofuata, Mark II, ilikuwa na hitilafu. Wahudumu wakakagua, wakamkuta nondo amenaswa katika swichi moja ya umeme. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi, wakaandika kuwa mara hii ndipo mdudu wa kweli alipopatikana. Ulikuwa mzaha, kwani mafundi walikuwa wakiziita hitilafu wadudu tangu zama za Edison. Watu wengi husema ni Hopper aliyemkuta nondo huyo. Si kweli, yeye alipenda kukisimulia kisa hicho, kikaenea kwa kinywa chake. Jambo la kuiga ni lile daftari: kosa lilipatikana, likaandikwa mahali lilipokuwa na saa yake.

KUUNG'OA MZIZI

Mwaka 1949 Hopper alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly, waundaji wa kompyuta ya UNIVAC. Waandishi wa programu huko walinakiliana madaftarini vipande vya programu vilivyokwisha kuthibitishwa. Katika kunakili, tarakimu 4 iligeuka herufi A, na herufi B ikageuka 13. Tena kila kipande kilipohamishwa, namba za mahali pake zilipaswa kujumlishwa upya, nako wakakosea.

Hopper angeweza kuwahimiza wenzake waongeze uangalifu. Alitambua, hata hivyo, kwamba kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo binadamu hukosea daima na mashine huziweza. Kati ya mwaka 1951 na 1952 alitunga programu iliyoitwa A-0. Vipande vilihifadhiwa katika utepe wa sumaku, kila kimoja na alama yake. Kompyuta ilisoma alama, ikakitafuta kipande, ikakinakili na kurekebisha namba zake yenyewe. Wengi hawakuamini kwamba kompyuta yaweza kufanya hivyo. Baadaye yeye na wenzake walitunga lugha ya FLOW-MATIC iliyotumia maneno ya Kiingereza. Lugha ya COBOL, iliyoanza kubuniwa na kamati mwaka 1959, ilichota mengi humo.

Alistaafu jeshini mwaka 1966, akaitwa tena mwaka 1967 kwa miezi sita. Hatimaye aliondoka mwaka 1986 na cheo cha uadmirali akiwa na miaka 79. Hakuacha kufundisha. Aligawa vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, umbali ambao mwanga hausafiri zaidi yake katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili wasikilizaji waushike mkononi muda usioonekana. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

DARASANI KWETU

Turudi kwa mtoto wetu. Mwambie aeleze hatua zake. Atasema: saba toa mbili ni tano, nne toa moja ni tatu. Sasa kosa limeonekana: katika kila safu hutoa namba ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Akipewa mazoezi ishirini zaidi bila maelezo, atakosea mara ishirini kwa utaratibu uleule. Mpe vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja mwenyewe. Andika kosa hilo katika daftari lako la maandalio. Na iwapo nusu ya darasa wamelifanya, lisake katika somo lako la jana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtoto ameandika 26 + 17 = 313. Alipita njia gani?
2. Taja kosa moja ambalo huzaliwa na njia ya mwalimu ya kufundisha. Utaiondoaje sababu yake?