Lionel Tertis: Mtu Aliyeipa Sauti ya Katikati Heshima Yake



Kamati ya jubilii ilipokaa kupanga kijitabu hiki, iliamua kwamba ukurasa mmoja uwe wa maisha ya mtu aliyeutumikia muziki kwa moyo wote. Majina mengi yalitajwa. Mwishowe tulimchagua mtu ambaye hakuwahi kuimba katika kwaya kama yetu, na ambaye alipata sifa kwa kupiga ala ambayo wengi wetu hatujaishika. Jina lake ni Lionel Tertis, Mwingereza, mpigaji na mwalimu wa viola. Wapigaji wa ala za nyuzi duniani kote wanamjua. Sisi tuna sababu yetu ya kumkumbuka leo, na mtaiona kabla hatujamaliza.

Viola ni nini?

Viola ni ndugu mkubwa wa fidla. Hushikwa begani na kupigwa kwa upinde. Wazee wetu wa Kibukusu wanaijua kazi ya upinde kupitia siilili, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Viola ina nyuzi nne kama fidla. Tatu kati yake zinalingana na nyuzi tatu za chini za fidla, na ya nne iko chini zaidi. Kwa hiyo sauti ya viola ni nzito na yenye joto, lakini haifiki chini kama ile ya selo. Inakaa katikati. Wafaransa hawaiiti viola kamwe. Wao huiita alto.

Hapo ndipo waimbaji wetu wa sauti ya pili wanapoanza kuelewa. Katika okestra, kazi ya viola ni kazi ya alto katika kwaya. Fidla ndiyo hubeba wimbo ambao watu hurudi nyumbani wakiuvumisha. Selo na besi hushika msingi. Viola hujaza pengo lililo kati yao, na mara nyingi msikilizaji hajui kwamba ipo.

Kwa sababu hiyo ilidharauliwa kwa miaka mingi. Fundi wa fidla aliyezeeka au aliyeshindwa alipelekwa kwenye viola. Watunzi wachache sana waliiandikia tungo za kupigwa peke yake mbele ya okestra. Ajabu ni kwamba watu wakubwa kabisa waliipenda. Johann Sebastian Bach, aliyeongoza muziki wa kanisa katika mji wa Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, alipenda kushika viola alipopiga pamoja na wenzake, na Mozart vilevile. Walijua kwamba aliye katikati husikia pande zote mbili.

Utoto wa umaskini na muziki

Tertis alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko West Hartlepool, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza. Siku hiyohiyo, mwaka huohuo, huko Hispania alizaliwa Pablo Casals, ambaye baadaye alikuwa mpigaji mashuhuri kuliko wote wa selo. Wazazi wa Tertis walikuwa Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka mashariki mwa Ulaya. Akiwa bado mtoto mchanga, familia ilihamia Spitalfields, mtaa wa watu maskini mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mwimbishaji katika sinagogi. Kwa hiyo mtoto huyu, kama wengi wetu, alisikia kwanza muziki katika nyumba ya ibada.

Alianza kwa kupiga piano. Alikuwa na kipaji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye fidla. Alipofika umri wa miaka 13 aliondoka nyumbani akaanza kujitafutia riziki kwa kupiga piano, huku akiweka akiba ya karo. Akiba hiyo ilimpeleka Trinity College of Music, London. Baadaye alisoma kwa muda huko Leipzig, mji uleule wa Bach, kisha akarudi London na kuingia Royal Academy of Music kujifunza fidla.

Kuhamia ala isiyopendwa

Karibu mwaka 1897, mwanafunzi mwenzake alitaka kuunda kundi la wapigaji wanne. Fidla mbili zilipatikana, selo ikapatikana, lakini viola haikuwa na mtu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: kila mtu anataka nafasi ya mbele. Tertis alikubali kujaribu. Alipokokota upinde juu ya uzi ule wa chini kabisa, aliipenda sauti yake papo hapo, na hakurudi nyuma tena.

Hakupata mwalimu wa viola wa kumridhisha, basi akajifundisha mwenyewe. Aliwasikiliza mafundi wakubwa wa fidla waliofika London, akarudi chumbani kutafuta njia ya kufanya hayohayo kwa viola. Mkuu wa chuo, Alexander Mackenzie, alimtia moyo. Haukupita muda mrefu kabla hajawa yeye mwenyewe mwalimu wa viola katika chuo hicho. Pia aliongoza safu ya viola katika okestra ya Queen's Hall chini ya Henry Wood, kisha akaiacha kazi hiyo yenye mshahara ili awe mpigaji wa peke yake. Wakati huo hapakuwa na mtu Uingereza aliyeishi kwa kupiga viola peke yake. Ilikuwa kama mtu wa hapa Trans Nzoia kuacha mahindi apande zao ambalo halina soko.

Kuomba tungo

Tatizo lake la kwanza lilikuwa hili: apige nini? Tungo hazikuwepo. Alifanya mambo mawili. Alichukua tungo za ala nyingine akazipanga upya kwa viola. Maarufu zaidi ni tungo la selo la Edward Elgar. Elgar mwenyewe aliukubali mpango huo, na mwaka 1930 aliongoza okestra Tertis alipolipiga kwa viola.

Jambo la pili, aliwabishia hodi watunzi vijana. York Bowen alimwandikia tungo la viola na okestra lililopigwa mara ya kwanza 1908. Arnold Bax na Gustav Holst nao walimwandikia. Ralph Vaughan Williams alimwandikia Flos Campi, iliyopigwa mara ya kwanza Oktoba 1925. Tungo hili linatuhusu sana sisi wanakwaya. Lina sehemu sita, na kila sehemu ina kichwa kilichotolewa katika kitabu cha Wimbo Ulio Bora. Viola inasimama mbele, okestra ndogo iko nyuma yake, na pamoja nao kuna kwaya. Kwaya hiyo haitamki neno hata moja. Inaimba sauti tupu mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1924 alipiga tungo la Mozart la fidla na viola pamoja na Fritz Kreisler, mpigaji wa fidla aliyependwa kuliko wote wakati ule. Fidla na viola zilisimama bega kwa bega mbele ya watu, bila mmoja kuwa mtumishi wa mwingine.

Koti la mvua

Tertis aliamini kwamba viola ndogo haiwezi kutoa sauti ya kweli. Mwaka 1920 huko Paris alionyeshwa viola kuukuu, kazi ya fundi Montagnana wa Venice. Mwili wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 43, mkubwa kuliko kawaida. Haikuwa na nyuzi wala haikuweza kupigwa, na hakuna sanduku lililoitosha. Aliinunua hivyohivyo. Mkewe alivua koti lake la mvua, wakaifunga ndani yake, wakavuka nayo bahari hadi Uingereza. Alipiga viola hiyo kwa miaka mingi, na kwa sauti yake watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza kile ambacho viola inaweza kufanya.

Alipokosea

Tusimfanye malaika. Mwaka 1929 kijana William Walton alimpelekea tungo jipya la viola na okestra. Tertis alilitazama, akaona muziki wake ni wa kisasa mno, akalirudisha kwa posta bila kukawia. Mtunzi Mjerumani Paul Hindemith, ambaye pia alipiga viola, ndiye aliyelipiga mara ya kwanza London tarehe 3 Oktoba mwaka huo. Leo tungo hilo ni mojawapo ya tungo kubwa kabisa za viola.

Mtu mwingine angejitetea maisha yake yote. Tertis alikiri kwamba alikosea, akajifunza tungo lile na kulipiga mbele za watu mara nyingi. Alikuwa na zaidi ya miaka 50 wakati huo, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko la Walton.

Wanafunzi wake

Mwalimu hujulikana kwa wanafunzi wake. Rebecca Clarke alikuwa mmoja wao. Alikuwa kati ya wanawake wa kwanza kuajiriwa katika okestra ya Queen's Hall, na mwaka 1919 tungo lake la viola na piano lilifungana kwa nafasi ya kwanza katika shindano huko Marekani. Kura ya kuvunja sare ilimpa ushindi Ernest Bloch, lakini watu walistaajabu kusikia kwamba aliyeshindana naye hadi sare ni mwanamke. Eric Coates, mwanafunzi mwingine, alipiga viola kisha akawa mtunzi wa muziki uliopendwa na watu wa kawaida kote Uingereza.

Kustaafu kusikostaafu

Mwaka 1937, akiwa na miaka 60, maumivu ya baridi yabisi katika mkono wa kulia yalimlazimisha kutangaza kwamba anaacha kupiga. Hakukaa bure. Alishirikiana na fundi Arthur Richardson kuchora umbo jipya la viola, lenye sauti kubwa lakini lisilomchosha mpigaji. Umbo hilo liliitwa kwa jina lake, na mafundi wa nchi nyingi walilitengeneza. Mkono ulipopata nafuu alirudi jukwaani, akaendelea hadi 1964, akiwa na miaka 87.

Mwaka 1953 alichapisha kitabu alichokiita Cinderella No More, akiifananisha viola na yule msichana wa hadithi aliyeachwa jikoni huku dada zake wakienda karamuni. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha maisha yake, My Viola and I. Alifariki London tarehe 22 Februari 1975, akiwa na miaka 98. Mwaka 1980 mashindano ya kimataifa ya viola yenye jina lake yalianzishwa katika Kisiwa cha Man.

Kwa nini tumemleta kwenu

Sasa tuseme wazi. Kwaya yetu inapoadhimisha jubilii hii, safu ya alto ndiyo inayotutia wasiwasi. Kila Januari vijana wapya wanapojiandikisha, wasichana karibu wote huandika soprano. Anayepangiwa alto huona kama ameadhibiwa, na baada ya majuma machache haonekani mazoezini. Mwaka jana kulikuwa na arusi ambayo altowetu wawili tu ndio waliofika, mmoja akiwa na mafua. Tuliimba. Soprano ilipaa, besi ikanguruma, na katikati palikuwa na shimo. Waumini walipiga makofi kwa upole, lakini sisi tuliokuwa mbele tulijua kilichokosekana.

Wapo akina mama katika kwaya hii ambao wameimba sauti ya pili tangu kwaya ilipoanzishwa. Hawajawahi kupewa ubeti wa kuimba peke yao. Picha za kwaya zikipigwa, wao husimama pembeni. Nyimbo nyingi wanaziimba kwa noti mbili tatu zinazojirudia, fa, mi, fa, mi, na bila noti hizo wimbo hauwi wimbo. Tertis alitumia karibu miaka 70 kuuonyesha ulimwengu jambo ambalo akina mama hawa wamelifanya kila Jumapili bila kulisema.

Kwa hiyo kamati imeamua mambo matatu. Leo, katika wimbo wa tatu wa ratiba, safu ya alto itasimama mstari wa mbele. Kuanzia mwezi ujao, mwalimu wa kwaya atakutana na alto peke yao kila Jumamosi saa nane, kabla ya mazoezi ya wote. Na nyimbo mpya tutakazotunga zitakuwa na angalau ubeti mmoja ambao alto ndiyo inayobeba wimbo, kwa sababu tumeona kwa Tertis kwamba sauti isiyotungiwa kitu haiwezi kukua.

Ndugu waumini, tunawaomba nanyi jambo moja. Wimbo ule wa tatu utakapoanza, msiifuate soprano kama mlivyozoea. Sikilizeni katikati. Na kama una binti nyumbani mwenye sauti nzito ambaye ameambiwa kwamba hawezi kuimba, mlete Jumamosi. Nafasi yake ipo.