Godfrey Wilson: kutoka migombani Unyakyusa mpaka kota za wachimbaji Kabwe

Leo nawaletea mtu ambaye vyuoni wanaosoma mambo ya jamii wanamjua sana, lakini hapa Kyela ukiuliza vijana kumi, wote kumi watakwambia hawajamsikia. Nimeamua kumwandika kwa sababu kila siku naona vijana wenzangu wanapanda gari kwenda Tunduma, wanavuka Nakonde, wanaitafuta Zambia. Swali ni lile lile: kazi ipo? Na ukiipata, utaishi wapi, na utaishi na nani? Huyu jamaa alilifanyia kazi swali hilo karibu miaka 90 iliyopita.

Godfrey Wilson alizaliwa Uingereza mwaka 1908. Baba yake, John Dover Wilson, alikuwa bingwa wa kazi za Shakespeare. Godfrey akasoma Oxford, halafu London kwa mwalimu Bronislaw Malinowski, ambaye hakutaka wanafunzi wa kukaa ofisini. Alitaka mtu aende akaishi na watu na ajifunze lugha yao.

Basi mwaka 1934 Godfrey akatua Unyakyusa. Enzi hizo Kyela ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe. Mwaka 1935 akamuoa Monica Hunter, binti wa mmisionari wa Lovedale, Afrika Kusini, na yeye mtafiti mkali kweli kweli. Walifanya kazi huku mpaka 1938, wakisaidiwa na wenyeji kama Leonard Mwaisumo. Tusiwasahau hao, maana mgeni bila mwenyeji haoni kitu.

Kilichowashangaza ni vijiji vya rika. Kijana wa Kinyakyusa akifika miaka kama 10 au 11 alitoka nyumbani kwa baba, akajenga na wenzake wa umri wake pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, wakizunguka kundi zima. Wakioa, wanabaki pale pale na wake zao, kijiji kinakua. Yaani jirani yako hakuwa ndugu yako wa damu, alikuwa rika lako.

Na ujirani huo ulikuwa na jina: ukwangala. Kukaa pamoja, kula pamoja, kupiga soga. Mtu wa kula peke yake alisemwa vibaya. Waliamini majirani wakinung'unika, pumzi zao tu zinaweza kumletea mkosaji homa na baridi ya ajabu. Sio kwamba kulikuwa peponi. Wivu ulikuwepo, tuhuma za uchawi zilikuwepo, na watu walihama vijiji kwa ajili hiyo. Lakini kila mtu alijua kwamba maisha yake yanategemea ubora wa majirani zake.

Tatizo ni kwamba wanaume walikuwa wanaondoka. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, wengine kwenye migodi ya mbali zaidi. Na Godfrey naye akaishia huko migodini. Mwaka 1938 akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Akauchagua mji wa Broken Hill, ambao sasa unaitwa Kabwe, mji wa mgodi wa risasi na zinki.

Wakubwa walisema Mwafrika mjini ni mpita njia, familia yake inalishwa na shamba kijijini, kwa hiyo mshahara wa mtu mmoja unamtosha. Godfrey akahesabu, akaona sivyo. Wanaume wengi walikuwa wametumia sehemu kubwa ya ujana wao mjini. Posho na pa kulala vilitoka kwa mwajiri, lakini fedha ilikuwa ndogo, na zaidi ya nusu yake iliishia kwenye nguo. Kuishi na mke na watoto hapo ilikuwa shida. Huko kijijini nako mikono ya kulima ikapungua. Kazi ipo, lakini ujirani hakuna, na mshahara haujengi nyumba.

Ukweli huo haukuwapendeza wenye migodi. Mwaka 1940 wachimbaji wa Copperbelt waligoma, 17 wakapigwa risasi na kufa kule Nkana. Godfrey, mtu wa kukaa na Waafrika na tena mpinga vita, akafungiwa mlango wa mgodi. Mwaka 1941 akajiuzulu. Ripoti yake ikatoka kwa sehemu mbili, 1941 na 1942. Baadaye akaingia kikosi cha matibabu cha jeshi la Afrika Kusini. Huzuni ikamzidi, na mwaka 1944 akajitoa uhai, hajafikisha hata miaka 40.

Monica akabaki na watoto wawili wadogo wa kiume. Hakuitupa kazi ile. Mwaka 1951 akatoa kitabu Good Company, kuhusu vijiji vyetu vya rika, na 1955 akarudi tena Unyakyusa. Alifariki 1982. Mtoto wao Francis akawa mchumi, na mwaka 1972 akatoa kitabu kuhusu wafanyakazi wa migodi ya dhahabu Afrika Kusini.

Na Kabwe je? Mgodi ulifungwa 1994. Ajira zikaondoka, sumu ya risasi ikabaki kwenye udongo wa mitaa kama Chowa na Kasanda, na watoto wanaicheza kwenye vumbi. Mliokaa jirani na Kiwira wakati makaa ya mawe yaliposimama mnajua mgodi ukinyamaza mtaa unakuwaje, ingawa kwetu hatukuachiwa sumu kama ile.

Mimi sisemi tubaki migombani na kwenye mpunga. Nenda, tafuta. Ila kabla ya kuuliza mshahara ni kiasi gani, uliza pia: unatosha watu wangapi? Mtaa ukoje? Kiwanda kikifungwa, nitabaki na nani? Godfrey alifungiwa mlango kwa kuuliza hivyo. Wewe nani kakufungia?

Wadau wa Kyela, Matema, Ipinda na mlioko Zambia, mnasemaje? Haya, uwanja wenu.